Majivu Chini ya Waridi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Pélagie alikwenda nyuma ya nyumba kusoma majivu. Aliinama, mikono magotini, akalikagua duara la kijivu alilolitandaza jana yake kulizunguka shina la waridi. Hapa amepita kuku. Hapa mjusi ameburuta mkia. Hapa pana alama ambayo si ya kuku wala ya mjusi, na hapo moyo ulimruka. Asipoona alama yoyote hakutulia pia. Majivu yaliyolala shwari mno yalimtia wasiwasi kuliko yaliyovurugwa, kwa kuwa mwizi mwenye akili, aliwaza, hufagia anapotoka.

Msimcheke haraka. Lile waridi halikuwa pambo. Mama yake alipewa kijiti chake na masista wa misheni, milimani juu ya Uvira, mashariki mwa Kongo, alipokuwa msichana wa kuwafulia shuka. Akalipanda mlangoni kwake, likamlea naye akalilea, na alipofariki walimzika kando yake. Vita vilipofika mlimani mwaka 2003, majirani walibeba masufuria na magodoro. Modeste, mume wa Pélagie, ambaye alikuwa fundi mwashi, alibeba mwiko wake, pima maji yake, na binti yao Mariette mabegani. Pélagie alikata kijiti cha waridi, akakichomeka kwenye kipande cha mgomba ili kisikauke, akakifunga ndani ya kitenge. Modeste alimtazama akauliza kama wanakimbia au wanakwenda harusini.

Baadaye habari zikawafikia huku Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda: nyumba imechomwa, kiwanja kimechukuliwa na watu wengine, waridi la mlangoni limeng'olewa na juu ya kaburi pamepandwa mihogo. Basi likabaki hili moja, katika kijiji cha Kabazana, kwenye udongo mkavu ambao hata maharage yanaota kwa kubembelezwa. Likifa hili, alisema Pélagie, mama amekufa tena, na safari hii hana hata kaburi.

Lilimsumbua. Mbuzi walilila mara mbili hadi chini. Kiangazi kililikausha likabaki kama fimbo ya kuchungia. Alilinyima jua kwa gunia kuukuu, akalimwagia maji ya kuoshea mchele, na mwaka wa tatu likatoa ua. Rangi yake ni ya waridi iliyofifia, petali zimebanana nyingi kama kurasa za kitabu kilicholowa, na katikati kuna kijicho cha kijani. Harufu yake ina pilipili ndani. Pélagie alilinusa akalia mpaka Mariette akaogopa.

Jirani yake alikuwa Mukarukundo, mjane Mnyarwanda aliyefika kambini miaka mingi kabla yao, mama wa kijana aitwaye Déo. Kati yao palikuwa na ua wa minyaa wenye pengo la kupita mtu. Siku ya kwanza kabisa, Pélagie hana hata kiberiti, Mukarukundo ndiye aliyepita penye pengo lile na makaa ya moto juu ya kigae cha chungu kilichovunjika. Tangu hapo wakawa wanaombana moto. Aliyetangulia kuamka aliwasha, mwenzake akaja na kigae, na habari za kijiji zikapita pamoja na makaa. Wako watu walioona ajabu Mkongomani wa Kivu na Mnyarwanda kuchangia moto. Pélagie aliwajibu kwamba moto haukuuliza.

Halafu Mukarukundo akaomba kijiti.

"Mama Mariette, hii roze yako iko muzuri sana. Nikatie kamoja na mimi nipande."

"Roze ya kaburi hatugawake," Pélagie alijibu. "Ukigawa, umegawa mutu wako."

Ndivyo kwao walivyoamini, na hakuona cha kueleza zaidi. Mukarukundo alicheka, akasema basi, akachukua moto wake akaenda. Lakini Pélagie aliona jinsi alivyogeuka penye pengo kuliangalia tena waridi lile, na akaliweka jambo hilo moyoni.

Haukupita muda mrefu. Siku ya mgao wa chakula, mwaka 2009, Pélagie alishinda kwenye foleni na jua lake. Modeste alikuwa ameaga alfajiri kwenda mjini Mbarara, kwenye kazi ya kujenga. Pélagie aliporudi na gunia la mahindi kichwani, alikwenda kwanza nyuma ya nyumba, kama mama anayechungulia mtoto aliyemwacha amelala. Tawi bora kuliko yote halikuwepo. Halikuvunjwa. Lilikatwa kwa kisu, mkato wa mshazari, safi, na maji yake yalikuwa hayajakauka.

Mbuzi hakati mshazari. Pélagie aliinua kichwa, akatazama juu ya minyaa. Mukarukundo alikuwa amechuchumaa uani kwake anaosha kisu.

Kila mtu huosha kisu, ni kweli. Lakini mwambie hivyo mtu aliyeibiwa.

Asubuhi yake Mukarukundo alipita penye pengo na kigae chake kama kawaida. Alionekana ana neno. Pélagie hakumpa nafasi.

"Moto umezimika," alisema.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la jiko, unawapitia wote wawili machoni. Mukarukundo aliutazama moshi, akamtazama Pélagie, akarudi kwake na kigae kitupu. Hakuja tena. Wiki ile ile Pélagie alipanda mnyaa kwenye pengo.

Hapo ndipo majivu yalipoanza. Mama yake alikuwa akiyatia majivu kidogo shinani kila mwaka, na kule mlimani, kwenye udongo mwekundu na mvua isiyokatika, yalifaa. Pélagie aliongeza faida ya pili: majivu hushika nyayo. Akayatandaza kila jioni, na kila asubuhi akayasoma. Safari nyingine, hasa Jumapili baada ya ibada, aliyakuta yamepungua, yamefagiliwa mpaka udongo unaonekana. Damu ilimchemka. Kumbe mtu anakuja wakati yeye yuko kanisani na Modeste amelala ndani akiuguza mgongo, anafanya yake, anafuta nyayo! Akaongeza majivu. Yalipofagiliwa tena akaongeza zaidi, akaenda hata kuomba ya jiko la shule.

Na waridi likaanza kuugua. Majani machanga yalitoka ya njano, mishipa yake tu ikabaki kijani, kama yamechorwa kwa kalamu. Matumba yalianguka kabla ya kufunguka. Pélagie hakuwa na shaka yoyote: mtu aliyekata tawi sasa analimwagia sumu lililobaki, ili awe nalo peke yake. Alitazama juu ya minyaa kutafuta waridi kwa Mukarukundo. Hakuliona, na kutoliona kukamthibitishia kwamba limefichwa.

Modeste alijaribu mara moja. "Mama Mariette, majivu mingi si muzuri. Ule muti utaungua."

"Nani amekutuma useme?"

"Hakuna."

"Unamutetea juu ya nini?"

Modeste akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake nako Pélagie alikuwa ameanza kukupima. Maana kulikuwa na jambo lingine. Kazi yake ya Mbarara haikuwa inaisha. Alijenga nyumba ya mama mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa vitambaa mtaa wa Ruti, aitwaye Hajati Hafswah. Nyumba ilipokwisha ukaja ukuta, ukuta ulipokwisha ukaja ukarabati wa ukuta. Akirudi mwisho wa mwezi, shati lake lilinukia. Pélagie alilinusa kabla ya kulitia majini. Palikuwa na udi, sawa, lakini chini ya udi palikuwa na harufu nyingine ambayo aliijua na hakuweza kuikamata, na hilo lilimkera mara mbili.

"Ule Hajati yako iko kijana?" aliuliza siku moja, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Ni mama tu."

"Hata mimi ni mama tu," alisema Pélagie, na siku hiyo ugali ulisongwa kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Modeste aliugua kifua, akafa mwaka 2012. Hajati Hafswah alituma mchele na sukari kwa ajili ya matanga. Pélagie hakuvionja, aliwapa wanakwaya. Mukarukundo alikuja msibani akaketi nyuma pamoja na wanawake wengine, akaimba, akaosha vyombo. Pélagie alimpa mkono bila kumtazama. Alimpenda mume wake, hilo lazima lisemwe, na alimlilia kwa sauti. Lakini hata katika kilio alibaki na swali lake, na aliyepaswa kulijibu alikuwa amefunikwa udongo.

Baada ya hapo waridi likaporomoka. Majivu hayakufagiliwa tena hata mara moja. Duara lilikaa jinsi alivyoliacha, likaganda kwa umande na jua likawa gome gumu, na Pélagie akasema moyoni, mwizi sasa hahitaji hata kuja, sumu yake inajifanyia kazi. Kufikia 2014 lilikuwa limebaki na fimbo mbili zenye majani ya njano. Usiku na mchana alihesabu kwamba anamzika mama yake kwa mara ya pili, na muuaji yuko ng'ambo ya minyaa anatwanga mihogo.

Ndipo ikaja salamu kutoka Mbarara, kupitia mchuuzi wa samaki. Hajati Hafswah anasema vyombo vya kazi vya marehemu viko kwake. Mjane aje, na aje mwenyewe.

"Mwenyewe?" Pélagie alimuuliza mchuuzi. "Alisema mwenyewe?"

"Alisema mwenyewe."

Mwiko na pima maji vingeweza kuletwa na mtu yeyote. Pélagie alivaa kitenge chake kizuri, kile cha kwenda kukabiliana na watu, akapanda lori la mahindi.

Ruti aliulizia, akaonyeshwa geti la bluu. Kabla hajaligonga harufu ilimfikia. Ilikuwa ndiyo ile ya chini ya udi. Alisimama barabarani, na safari hii aliikamata, kwa sababu ilikuwa na pilipili ndani.

Geti lilifunguliwa. Pembeni mwa ukuta, limepanda mpaka dirishani, limejaa maua, lilisimama waridi la mama yake.

"Karibu, nnyabo, karibu mama," ilisema sauti. "Wewe ndiyo bibi ya Modeste?"

Mwanamke aliyemwonea wivu miaka yote ile alikuwa kikongwe wa magoti mabovu, amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja umenyooshwa juu ya mto. Pélagie aliona haya, lakini haya yake hayakuweza kusimama mbele ya hasira.

"Hii roze," alisema bila salamu, "ilitoka wapi?"

"Bwana yako ndiyo alileta. Ilikuja ndani ya kipande ya mgomba. Yeye mwenyewe alipanda."

Pélagie aliketi kwenye ukingo wa mkeka. Watu wawili tu huku Uganda walijua waridi lile lilisafiri vipi. Alikuwa amesafiri na jina la Mukarukundo mdomoni tangu nyumbani, tayari kulitema, na sasa hakuwa na pa kuliweka.

Hajati alimmiminia chai, akamweleza polepole, huku akitafuta maneno. Modeste alimwambia mke wake ana waridi moja tu duniani, na moja tu ni hatari. Mbuzi mmoja anaweza kulimaliza. Alijua mkewe hawezi kukubali likatwe. Basi siku ya mgao aliaga alfajiri kama anayeondoka, akarudi mkewe akiwa kwenye foleni, akalikata, akalileta mahali penye ukuta na maji ya bomba. Hajati naye alilipokea kwa furaha. Maua yake yalipamba maharusi, na petali zake ziliwekwa kwenye maji ya kuoshea maiti wa mtaa ule.

"Alisema, ile ya Nakivale ikikufa, nikwambie hii ni yako."

"Juu ya nini hakuniambia yeye?"

"Aliogopa, nnyabo. Alisema alitaka kukwambia akirudi, lakini alikuta umeshakosana na jirani sababu ya ile mti. Akaona atasema kesho. Sasa kesho ikawa ndefu."

Pélagie alikasirika. Alikasirika na marehemu kuliko alivyowahi kukasirika naye akiwa hai, na hasira ya namna hiyo haina mlango wa kutokea. Alimwona amekaa mezani anakula, jirani anatukanwa, naye anatafuna.

"Na majivu?" aliuliza mwishoni. "Wewe unaitiaka majivu?"

"Ee! Hapana. Alikataza kabisa. Msichana wa kazi alitaka kumwaga ya jiko ya sigiri, yeye akamfukuza." Hajati alinyoosha kidole kwenye kona ya ukuta. "Angalia pale."

Wakati wa kupiga lipu, chokaa ilikuwa imemwagika katika kona ile. Mche wa mpera ulikuwa umeota hapo wenyewe. Majani yake yalikuwa ya njano, mishipa yake tu kijani, kama yamechorwa kwa kalamu.

"Alisema majivu na chokaa ni ndugu. Ya kidogo mti inakula, ya mingi inaua. Alisema ile yako unaipa kila siku. Yeye anabaki nyumbani ukienda kanisa, anafagia. Ukirudi, unaweka ingine."

Pélagie aliukumbuka kila udongo uliofagiliwa wa kila Jumapili. Modeste alikuwa akisingizia mgongo, akabaki. Nyayo alizozitafuta miaka yote zilikuwa za mtu aliyelala naye kitanda kimoja. Na tangu afe hakuna aliyefagia, ndiyo maana waridi lilikuwa linakufa, na mkono uliokuwa ukiliua ulikuwa huu hapa, umeshika kikombe cha chai.

"Nilikuita wewe mwenyewe," alisema Hajati, "sababu mtoto yangu Nasif ananihamisha Kampala. Mwenye kununua hapa anataka kumwaga saruji aweke magari. Kata leo, kata nyingi."

Akakata. Hajati alituma mgomba uletwe kutoka kwa jirani, na wakavichomeka vijiti humo, kikongwe akishika, mjane akichomeka. Hajati akamfungia pia kopo la makapi ya majani ya chai, akamwambia ndicho chakula pekee alichowahi kulilisha lile waridi. Vyombo vya Modeste vilikuwa ndani ya gunia. Pélagie alitoa mwiko, akauangalia, akaurudisha.

Nyumbani alipiga magoti nyuma ya nyumba akaanza kulivunja lile gome la majivu kwa mwiko wa marehemu. Alilitoa beseni baada ya beseni, akalimwaga mbali shimoni. Alichimba mpaka mizizi ikaonekana, akajaza udongo mwingine na samadi ya ng'ombe iliyotoka kwa wafugaji wa Endiinzi, akatia makapi ya chai, akakata zile fimbo mbili zikabaki fupi kama vidole. Hakutandaza kitu cha kushika nyayo. Asubuhi ya kwanza alitoka kusoma kwa mazoea, akakuta udongo tu, hauna la kumwambia.

Vijiti vya Ruti vilishika. Mvua zilipoanza, fimbo moja kati ya zile mbili ilisukuma chipukizi jekundu kutoka chini kabisa, na jani lake la kwanza lilipofunguka lilikuwa la kijani lote. Angeweza kuishia hapo. Kwa siku kadhaa alijaribu kuishia hapo. Lakini kila alipolitazama jani lile aliona moshi ukipita usoni mwa mtu mwenye kigae kitupu.

Basi asubuhi moja aliwasha moto, ukashika vizuri. Akachukua jagi la maji akaumwagia mpaka kaa la mwisho likafa, maana hakutaka kusema uongo ule ule mara ya pili. Akang'oa mnyaa aliokuwa ameupanda kwenye pengo, na utomvu ukamwunguza mikono. Akapita, kigae mkono huu, kijiti chenye mizizi mkono huu.

Mukarukundo alikuwa amekaa jikoni kwake, nywele zimeshakuwa nyeupe upande mmoja. Hakusimama.

"Mama Déo," alisema Pélagie, "nimekuja kuomba moto. Wa kwangu umezimika."

Mukarukundo alichungulia juu ya minyaa, paani kwa jirani. Hapakuwa na moshi.

"Umezimika kweli," alisema.

"Ni Modeste alikata ile roze."

"Ninajua. Kisu kilikuwa changu. Alikuja kukiomba hapa, akakata, akanirudishia nikakiosha. Akaniambia ninyamaze."

"Ulijua miaka yote hii? Juu ya nini haukuniambia?"

"Sikupenda kuficha mutu kitu ya mama yake. Ile asubuhi nilikuja na kigae changu nikuambie." Mukarukundo alivuta kuni, akapuliza. "Ukanijibu moto umezimika."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda ziwani. Akachagua makaa mekundu kwa vidole vyake vilivyozoea, akayapanga juu ya kigae cha Pélagie, kisha akakipokea kijiti, akakigeuza kuiangalia mizizi.

"Na hii ya kaburi, nitaipanda wapi, fasi gani?"

Pélagie alizungusha macho uani kona kwa kona, akitafuta mahali pa kumweka mama yake. Alisimama pale na kigae mkononi muda mrefu, mpaka makaa yakaanza kufifia na kuvaa majivu, ikabidi Mukarukundo amwongezee mengine.